Uzi maalumu: Dawa za saratani zenye metali ndani yake, kutoka platinamu hadi dhahabu

MfamasiaWaZamu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda inaibuka habari kwamba watafiti wametengeneza kampaundi ya dhahabu, au ya shaba, au ya rutheniamu, "inayoua seli za saratani". Nikishuka kwenye maoni nakuta makundi mawili. Kuna wanaoshangilia kana kwamba dawa iko tayari kabatini, na kuna wanaosema metali ni sumu tupu, asidanganywe mtu. Mimi kazi yangu ni kuandaa dripu za kemo, na zamu nyingi hazipiti bila dripu yenye platinamu kupita mikononi mwangu. Jambo hili linaniuma likipotoshwa, kwa sababu kuna wagonjwa wanakataa dawa inayowaponya, na wengine wanafukuzia chupa za ovyo.

Hoja yangu ni moja. Ukisikia metali inatibu saratani, usiishie kuuliza ni metali gani. Uliza imeshikana na nini, imekaa kwa umbo gani, na vile ilivyovishika itaviachia wapi. Hapo ndipo dawa inapoachana na sumu, na hapo ndipo kampaundi nyingi zinapofia njiani.

Nianze na ile iliyofungua mlango. Miaka ya 1960, Barnett Rosenberg, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani, alitazama picha za seli zinazogawanyika. Nyuzi zinazojipanga ndani ya seli wakati huo zilimkumbusha vumbi la chuma linavyojipanga kando ya sumaku. Akajiuliza kama umeme unaweza kuathiri mgawanyiko wa seli. Akaweka bakteria aina ya E. coli kwenye chombo na kupitisha umeme kwa elektrodi za platinamu. Alichagua platinamu kwa kuwa ilijulikana haisumbuani na kitu.

Bakteria wakaacha kugawanyika, lakini hawakufa. Waliendelea kurefuka tu wakawa kama nyuzi, wengine wakafikia mara 300 ya urefu wao wa kawaida. Umeme ukizimwa, wanaanza tena kugawanyika. Mtu mwingine angetangaza kwamba umeme unazuia mgawanyiko wa seli. Rosenberg na wenzake walikaa wakafuatilia, wakagundua umeme hauhusiki moja kwa moja. Platinamu kidogo ilikuwa inamong'onyoka kutoka kwenye elektrodi na kuungana na amonia na kloraidi zilizokuwa kwenye maji yale. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1965, na mwaka 1969 wakaonyesha kwamba kampaundi hizo zinasinyaza uvimbe kwa panya. Mwaka 1978 moja ya kampaundi hizo, sisplatini, ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya korodani na ya ovari.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba kampaundi yenyewe haikuwa mpya. Michele Peyrone, mkemia wa Italia, aliitengeneza miaka ya 1840. Ilikuwepo kwenye vitabu vya kemia kwa zaidi ya karne nzima na hakuna aliyewahi kujiuliza kama inaweza kuzuia seli kugawanyika.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa wodini na wa maabara msikae pembeni.

---

Kemia_Chipukizi

Mkuu, ahsante kwa uzi. Nasoma shahada ya kemia na nimekwama hapa: tunafundishwa kwamba kuna sisplatini na transplatini, atomi zilezile, idadi ileile. Moja ni dawa, nyingine si kitu. Kwa nini? Na la pili, kama platinamu inapenda kushikana na vitu, inafikaje kwenye DNA bila kukamatwa na kila protini iliyomo kwenye damu?

---

MfamasiaWaZamu

Umeuliza maswali mawili yaliyobeba somo zima, mdogo wangu. Nianze na la pili.

Platinamu ya sisplatini ina mikono minne. Miwili imeshika amonia na haiachii kirahisi. Miwili imeshika kloraidi, na hizi ndizo zinazotoka. Kwenye damu kloraidi ni nyingi, karibu milimoli 100 kwa lita, kwa hiyo hata moja ikitaka kutoka kuna nyingine za kuirudisha. Dawa inabaki imetulia. Ikishaingia ndani ya seli, kiwango cha kloraidi kinashuka sana. Kloraidi zinatoka, maji yanachukua nafasi zao, na dawa inapata chaji chanya. DNA ina chaji hasi. Zinavutana.

Kwa maneno mengine, dawa inatembea imefungwa na inafunguka ikifika. Si kwa asilimia mia, kwa sababu sehemu kubwa inashikwa na protini za damu kabla ya kufika popote, na ndiyo maana madhara yapo. Lakini tofauti hiyo ya kloraidi kati ya nje na ndani ya seli ndiyo inayoifanya iwe dawa.

Sasa umbo. Kwenye sisplatini ile mikono miwili inayofunguka iko upande mmoja, jirani kwa jirani. Inashika guanini mbili (guanini ni moja ya herufi nne za DNA) zilizopakana kwenye uzi uleule wa DNA, kwenye nitrojeni namba 7 ya kila moja. Ikizishika, inazivuta pamoja na DNA inapinda. Seli inajaribu kurekebisha, ikishindwa inajiua yenyewe. Kwenye transplatini mikono hiyo imetazamana, kila mmoja upande wake, kwa hiyo haiwezi kuzifikia guanini mbili zilizopakana kwa namna ile. Inashika DNA, ndiyo, ila kwa namna ambayo seli inaimudu. Tena inanaswa upesi na vitu vingine kabla haijafika.

Atomi zilezile, narudia.

---

MuuguziWaUsiku

Naunga mkono kwa upande wa wodini, maana kemia hiyo sisi tunaiona kwa macho.

Sisplatini tunaichanganya kwenye maji ya chumvi, yaani saline. Oksaliplatini, ndugu yake wa platinamu, ni marufuku kuigusisha na saline; hiyo inakwenda kwenye glukosi ya asilimia 5 tu. Wanafunzi wanaokuja wodini wanaona ni sheria za kukariri. Lakini kwa maelezo ya mleta mada inaeleweka: sisplatini inahitaji kloraidi ili isifunguke mapema, wakati kwa oksaliplatini kloraidi hiyohiyo inakuja kuibandua ile oksaleti iliyoshikana nayo.

Jambo lingine ni sindano na vifaa vyenye alumini. Sisplatini ikigusana na alumini inaharibika, unaona mashapo meusi yanatuama. Hiyo ni platinamu imerudi kuwa metali. Na msiiweke kwenye friji, inatoa fuwele.

---

MfamasiaWaZamu

Muuguzi, umenena. Nimewahi kuonyeshwa chupa iliyokaa kwenye friji, fuwele zinaonekana zimelala chini kama sukari. Chupa ya namna hiyo haiingii kwa mgonjwa bila mfamasia kuikagua.

---

MwanaWaMama

Samahani kuingilia mjadala wa wataalamu. Mama yangu mzazi anatumia sisplatini. Tangu dripu ya mwisho anasema masikio yanavuma, na vidole vya miguu vina ganzi. Hataki nimwambie daktari kwa sababu anaogopa dawa itasimamishwa. Je, ni kawaida? Tuache ipite?

---

MfamasiaWaZamu

Pole sana, na umpe mama pole zangu. Msiache ipite. Waambieni timu inayomtibu kabla ya dripu inayofuata, ikiwezekana leo kwa simu.

Sisplatini inajulikana kwa mambo manne: figo, kichefuchefu kikali, masikio na mishipa ya fahamu. Figo tunazilinda kwa maji mengi ya dripu kabla na baada ya dawa, na kwa kupima kwenye damu kriatinini (inayoonyesha hali ya figo) na magnesiamu. Kichefuchefu kimepata dawa nzuri. Zamani wagonjwa waliacha matibabu kwa sababu ya kutapika. Masikio ni habari nyingine. Dawa inaua seli ndogo za vinywele zilizo ndani ya sikio, na seli hizo kwa binadamu hazioti upya. Inaanza na sauti nyembamba za juu, ndiyo maana mtu anaweza asijue kwamba anapoteza usikivu. Ganzi nayo inaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya dripu kuisha.

Kumwambia daktari si sawa na kusimamisha matibabu. Anaweza kupima usikivu, kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Kwa baadhi ya saratani kaboplatini, dawa nyingine ya platinamu, inaweza kuchukua nafasi. Kwa nyingine haifai. Kwa mfano saratani ya korodani iliyosambaa, kaboplatini imeonekana kuwa dhaifu kuliko sisplatini. Uamuzi huo ni wa anayemjua mgonjwa, lakini hawezi kuuamua kama hajaambiwa.

Kwa watoto kuna hatua nzuri: mwaka 2022 Marekani iliidhinisha sodiamu thayosalfeti ya kuwakinga na upotevu wa usikivu, kwa wenye uvimbe ambao haujasambaa. Inatolewa saa kadhaa baada ya sisplatini. Salfa iliyomo ndani yake inaishika platinamu iliyobaki. Kemia ileile, safari hii imetumika kwa ulinzi.

---

MwanaWaMama

Ahsante sana kaka. Nimempigia dada yangu aliye naye, wanapiga simu kliniki sasa hivi.

---

Mdadisi_Asiyechoka

Mimi nitakuwa upande wa pili kidogo, kwa nia njema. Nimesoma makala za rutheniamu, dhahabu, titaniamu, shaba, miaka nenda miaka rudi. Kila makala inasema "bora kuliko sisplatini". Sasa ziko wapi? Mbona wodini bado mnatundika platinamu?

---

MfamasiaWaZamu

Swali la haki kabisa, na nitalijibu bila kuzungusha.

Titaniamu ilitangulia. Budotitani ilifika kwa wagonjwa miaka ya 1980, kisha ikaja titanosini daikloraidi. Tatizo lilikuwa maji. Zikikutana na maji zinavunjika upesi na kugeuka vitu visivyoeleweka vizuri, na huwezi kumpa mgonjwa kitu ambacho hujui kimekuwa nini kikifika mwilini. Juu ya hilo, nguvu yake kwa wagonjwa ilikuwa ndogo.

Rutheniamu ilileta matumaini makubwa zaidi. NAMI-A ilitoka Trieste, Italia, na ilikuwa na tabia ya kipekee: kwa panya haikupunguza sana uvimbe wa kwanza, bali ilizuia kusambaa. Kwa binadamu ilijaribiwa pamoja na jemsitabini, dawa ya kemo isiyo na metali, kwa saratani ya mapafu, na matokeo hayakutosha kuendelea. KP1019 ya Vienna ilikwamishwa na kutoyeyuka vizuri kwenye maji, ikabidi itengenezwe chumvi yake ya sodiamu, na hiyo imeendelea kujaribiwa kwa jina la BOLD-100.

Hata platinamu yenyewe ina makaburi yake. Satraplatini ilikuwa ya kumeza, ndoto ya kila mgonjwa aliyechoka dripu. Kwenye jaribio la awamu ya tatu kwa saratani ya tezi dume ilichelewesha ugonjwa kuendelea, lakini wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi. Ikaishia hapo.

Sasa kuhusu "bora kuliko sisplatini". Hapa nawaomba wote mnaosoma makala muwe macho. Kampaundi nyingi mpya haziyeyuki kwenye maji, kwa hiyo maabara huziyeyusha kwenye DMSO, kimiminika cha kuyeyushia. Ili kulinganisha, na sisplatini nayo inayeyushwa humohumo. DMSO ina salfa, na salfa inaishika platinamu na kuifukuza kloraidi. Sisplatini inakuwa imeshadhoofishwa kabla jaribio halijaanza! Kisha kampaundi mpya inatangazwa mshindi. Ukifungua makala, nenda moja kwa moja sehemu ya mbinu uangalie sisplatini iliyeyushwa kwenye nini. Ukikuta DMSO, ule ulinganisho usiutegemee.

Na seli kwenye sahani ya maabara hazina ini, hazina figo, hazina damu. Kuziua si kazi. Kazi ni kuziua na kumwacha mwenye nazo.

---

Kemia_Chipukizi

Hili la DMSO hakuna aliyewahi kutuambia. Nimerudi kwenye makala mbili za semina yangu, moja wametumia DMSO.

Vipi kuhusu dhahabu? Auranofini?

---

MfamasiaWaZamu

Auranofini ni dawa ya kumeza iliyoidhinishwa mwaka 1985 kwa baridi yabisi. Haigombanii DNA kama platinamu. Dhahabu inapenda salfa na seleniamu, kwa hiyo inakwenda kukikamata kimeng'enya kinachoitwa thayoredoksini ridaktesi, ambacho ni mmoja wa walinzi wa seli dhidi ya oksijeni chokozi. Seli za saratani nyingi zinaishi ukingoni kwa upande huo, hivyo mlinzi huyo akizuiwa zinaelemewa. Imefanyiwa majaribio kwa baadhi ya leukemia (saratani za damu) na saratani ya ovari. Bado si dawa ya saratani, ila naipenda kwa sababu inaonyesha metali nyingine si lazima ifuate njia ya platinamu.

---

Daktari_wa_Damu

Nimefuatilia kimya, naomba niongeze moja ambayo si ahadi tena. Aseniki.

Najua kemia wataniambia aseniki ni nusu metali. Sawa. Lakini kwenye leukemia ya promielositi (chembe nyeupe changa za damu), ile inayokuja ghafla na kumwagisha damu, aseniki traioksaidi imebadilisha kila kitu. Madaktari wa Harbin, China, walianza kuitumia miaka ya 1970. Marekani iliidhinisha mwaka 2000 kwa waliorudiwa na ugonjwa. Mwaka 2013 ukachapishwa utafiti wa Lo-Coco na wenzake: wagonjwa wasio wa hatari kubwa walipewa aseniki na dawa iitwayo ATRA, bila kemo ya kawaida, na baada ya miaka miwili asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala matibabu kufeli, dhidi ya asilimia 86 ya waliopewa ATRA na kemo.

Ugonjwa huu unasababishwa na protini mbovu, PML-RARA, inayozuia seli changa zisikomae. Aseniki inaishika sehemu ya PML na seli inaisaga protini hiyo. Yaani hapa tunaondoa chanzo chenyewe. Lakini inatolewa hospitalini, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na seli zinapoanza kukomaa kwa wingi mgonjwa anaweza kupata homa, kujaa maji na kushindwa kupumua. Potasiamu na magnesiamu tunaziangalia, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inapigwa mara kwa mara.

---

Mdadisi_Asiyechoka

Daktari, hapo nimesalimu amri. Asilimia 97 si mchezo.

---

Mtafuta_Tiba

Kuna mtu ananiuzia matone ya fedha, na mwingine ana unga wa sizia (cesium) anasema unageuza mwili kuwa alkali na saratani inakufa. Si metali pia hizo? Kwa nini mzisifu nyingine na hizi mzikatae?

---

MfamasiaWaZamu

Ndugu yangu, nakuomba usivitumie, na kama umeshaanza, mwambie daktari leo.

Kloraidi ya siziamu inavuruga umeme wa moyo. Inashusha potasiamu na inaweza kusababisha mapigo ya hatari, watu wamekufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mahususi mwaka 2018. Na hadithi ya alkali haina msingi: mwili unalinda pH ya damu ndani ya mpaka mwembamba sana, na ungeuvuka ungeugua wewe kabla ya uvimbe. Matone ya fedha hayajathibitika kutibu saratani yoyote, na yanaweza kuibadilisha ngozi ikawa ya kijivu au samawati bila kurudi.

Tofauti na sisplatini haiko kwenye neno "metali". Sisplatini inajulikana inashika wapi, dozi yake inapigwa hesabu, na madhara yake yana mtu anayeyasubiri na kipimo mkononi. Kaboplatini kwa mfano, dozi yake haikadiriwi kwa macho. Tunatumia kanuni ya Calvert ya mwaka 1989, inayoangalia figo za mgonjwa huyo zinachuja kwa kasi gani, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa. Ikizidi, uboho unaelemewa na chembe sahani za damu zinashuka. Anayekuuzia unga anajua nini kuhusu figo zako?

---

MuuguziWaUsiku

Na metali za mionzi msizisahau. Rediamu-223, iliyoidhinishwa mwaka 2013 kwa saratani ya tezi dume iliyofika mifupani: mwili unaidhania ni kalsiamu, unaipeleka wenyewe kwenye mfupa. Lutetiamu-177 inafungwa kwenye molekuli inayotafuta PSMA, protini iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 baada ya jaribio la VISION, ambapo walioongezewa waliishi wastani wa kati wa miezi 15.3 dhidi ya 11.3.

---

MfamasiaWaZamu

Shukrani, ningeisahau kweli. Hapo metali haifanyi kemia na DNA, inabeba mionzi tu. Lakini kanuni inarudi palepale: lutetiamu isipofungwa vizuri kwenye kibebeo chake, inadondoka na kwenda kukaa kwenye mifupa ya mgonjwa, mahali ambapo hukutaka iende.

---

Kemia_Chipukizi

Swali la mwisho kutoka kwangu, mwalimu. Nikitaka kufanya utafiti kwenye eneo hili, ungenielekeza wapi?

---

MfamasiaWaZamu

Nitakupa maoni yangu, upime mwenyewe.

Nisingekushauri utengeneze kampaundi ya mia moja na moja uimwage kwenye seli. Nenda kwenye swali la usugu. Seli zilizozoea platinamu zinapunguza mlango wa shaba, CTR1, ambao dawa inautumia pia kuingilia. Zinaongeza glutathioni, kemikali ya seli yenye salfa, ili kuinasa, na zinaimarisha ukarabati wa DNA. Kinyume chake, wagonjwa wenye hitilafu kwenye jeni za BRCA, zinazosaidia kukarabati DNA, mara nyingi wanaitikia platinamu vizuri, kwa sababu seli zao za saratani hazina namna nzuri ya kukarabati. Anayejua mgonjwa yupi ataitikia anaokoa figo na masikio ya wale ambao dawa isingewasaidia.

Njia ya pili ni metali inayolala mpaka iamshwe. TLD1433 ni kampaundi ya rutheniamu ambayo gizani haina makali. Kwenye majaribio ya saratani ya kibofu isiyoingia kwenye msuli, kwa wagonjwa ambao BCG (chanjo ya kifua kikuu, inayowekwa kibofuni kama tiba) imeshindwa, dawa inawekwa ndani ya kibofu kwa mpira, inaachwa ijishike kwenye uvimbe, kibofu kinasafishwa, kisha taa ya kijani inaingizwa humo na kuwashwa. Rutheniamu ikipigwa na mwanga huo inazalisha oksijeni chokozi mahali pale ilipo. Ukitaka kuanza kusoma, anza na hiyo, halafu ulizia kwenye chuo chako kama kuna maabara yenye taa na mtu wa fotokemia (kemia ya mwanga), kwa sababu bila hao wawili utabaki unachanganya unga tu.